Pampu ya Silinda Mbili

Jafar aliweza kuvumilia mambo mengi. Njaa aliiweza, jua aliliweza, na ule mchanga wa njia ya Namoto, unaozamisha magari ya watu mpaka milangoni, aliuweza kuliko dereva yeyote wa Palma. Kitu kimoja tu kilimshinda tangu ujana wake: kuambiwa na mwanamke, mbele ya wanaume, kwamba amekosea. Hapo damu ilimpanda, akatoa lolote lililomjia mdomoni, na akishalitoa hakurudi nyuma hata kama nyumba inaungua. Mkewe Ancha aliijua tabia hiyo vizuri, kwa sababu ilikuwa imeshamwacha mara mbili.

Talaka ya kwanza ilitoka siku Ancha alipomwambia, mbele ya mafundi, kwamba hajui kurudisha gari nyuma. Kweli alikuwa hajui, na mnazi alioupiga bado una kovu. Ancha akakaa eda, akafunga mizigo yake arudi kwao, na siku ya mwisho, jua linataka kuzama, Jafar akasimama mlangoni, akasema nimekurejea, kisha akauliza chakula kiko wapi. Mke harejewi kwa ridhaa yake. Mume akisema neno lile ndani ya eda, basi, mke ni mke, ataka asitaka. Ancha akafungua mizigo, akaenda kupika, na machozi yakaingia kwenye wali.

Sasa alikuwa kwenye eda ya pili, nayo ilikuwa ukingoni. Alilala chumba cha uani katika nyumba ile ile, kama dini inavyotaka, na kila asubuhi Jafar alipita mbele ya mlango wake akijikohoza. Alimwambia kwamba siku ya mwisho haiko mbali, kwamba ajipambe, kisha akaenda zake akicheka. Ndivyo alivyokuwa akimchezea, mtu mzima na ndevu zake. Ancha alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu wakati ule: siku zile chache zilizobaki zipite na yule bwana asilitamke lile neno. Zikipita, yeye ni mwanamke huru, atachukua haki yake na kwenda kuishi kwa dada yake.

Haki yenyewe ilikuwa nusu ya gari. Lile Landikruza lilikuwa na minazi ya marehemu mama yake ndani yake. Aliiuza yote ili linunuliwe. Nusu nyingine ilikuwa ya Jafar. Kwa hiyo waliendelea kufanya kazi pamoja, Jafar kwenye usukani, Ancha nyuma na abiria, akipakia, akishusha, akipokea nauli. Wapo waliosema mwanamke wa eda hatoki nje hivyo. Watu hao hao walipotaka kusafirisha ndugu zao waliligombania gari lake.

Kazi ilikuwa hivi. Walichukua watu na samaki wakavu kule Namoto, mpakani, wakaja nao Palma kwa njia ya mchanga, kisha wakashika barabara kuu kwenda kusini. Kwenye mchanga unayatoa upepo matairi mpaka yalale, ndipo yakanyage kwa upana yasizame. Hapo hakuna shida. Shida ni ukifika barabara ngumu, kwa sababu tairi lililolala likienda mbio kwenye barabara ngumu linapata moto na kutoka kwenye rimu. Lazima ulijaze tena. Na lazima ulijaze upesi, kwa sababu magari ya kwenda kusini hayaendi kiholela siku hizi, kwa kuogopa waasi wa msituni. Yanakusanyika mwisho wa mji, wanajeshi wanakaa mbele na nyuma, na msafara wote unaondoka pamoja. Watu wanauita koluna. Koluna haimsubiri mtu. Mwenye tairi laini anabaki, na kubaki peke yako kwenye barabara ile ni jambo ambalo hata wasema hovyo hawalifanyii mzaha.

Wao walishabaki mara moja. Jafar alikuwa amenunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, kitu cha kupendeza, chenye taa na namba zinazobadilika, na aliisifu wiki nzima. Siku hiyo ilijaza matairi mawili, ikanuka plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Jafar akasema wataifuata koluna hivyo hivyo. Waliifuata mpaka kijiji cha Mute, na hapo tairi la nyuma likatoka. Magari ya wenzao yakapotea kwenye vumbi, na baada ya muda milio ya bunduki ikasikika upande wa mashamba.

Abiria waliingia kwenye muhogo wakalala kifudifudi. Ancha alilala na mtoto wa watu chini ya kifua chake, amemziba mdomo, na alipoinua kichwa kumtafuta Jafar aliuona mgongo wake tu. Alikuwa anakimbia. Hakukimbia na mtu, hakumwita mtu, hakutazama nyuma. Alirudi kesho yake, nguo safi, akasema alikwenda kuomba msaada.

Hakuna aliyekufa. Lakini Ancha hakulifunika jambo lile. Alilisema barazani, mbele ya wazee na mbele ya wale abiria: pampu ilikuwa mbovu, aliyeichagua ni Jafar, na aliyekimbia ni Jafar. Jibu la Jafar lilikuwa talaka ya pili.

Tangu siku hiyo waliomba upepo kwa madereva wenzao, na madereva wenzao walikuwa wamechoka. Asubuhi moja, walipofika Palma kutoka Namoto na matairi yamelala yote manne, kila waliyemwomba alijifanya ana haraka. Koluna ilikuwa inapangwa. Walikuwa na abiria wamejaa nyuma, mmoja wao Cândido, Mmakonde wa Mueda aliyekuwa akimrudisha mama yake nyumbani, mzee asiyeweza hata kushuka garini bila kubebwa. Jafar akalisimamisha gari mbele ya duka la vipuri la Momade, akashuka. Ancha naye akashuka nyuma, akamfuata.

Momade alikuwa na pampu mbili za kubebeka, akaziweka zote juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, ina taa za buluu, waya wake unaishia kwenye kichomeo cha kiwashio cha sigara. Ya pili ilikuwa na silinda mbili, nzito, haina urembo, na waya wake unaishia kwenye vibanio viwili, chekundu na cheusi, vya kubana kwenye betri yenyewe. Pembeni ya meza alikuwapo mwalimu Latifo wa madrasa, amekuja kutafuta viraka vya baiskeli. Mafua yalimbana, akawa anajifuta pua kwa leso na kulalamikia bei.

Jafar aliinyakua ile ndogo bila hata kuiangalia ya pili. Alikuwa na sababu yake, na Ancha aliiona vizuri kama inavyoonekana pua usoni: akinunua kubwa, amekiri. Amekiri kwamba ndogo ndiyo iliyowatupa Mute, na kwamba yale yaliyosemwa barazani ni kweli. Mtu huyu alikuwa tayari kuwalaza tena kwenye muhogo kuliko kukiri.

Ancha akaisogeza ile kubwa mbele yake, akaanza kumuuliza Momade. Mpira wake unafika tairi la nyuma, betri ikiwa mbele? Momade akasema unafika, akaukunjua uonekane. Inaweza kujaza matairi manne ya gari kama lile bila kupumzishwa? Momade akasema hiyo ndiyo kazi yake, ila gari liwe linawaka, isije ikaimaliza betri. Ina kichujio cha mchanga? Momade akafungua kifuniko kidogo, akamwonyesha sponji. Maswali yalitoka kwa Ancha, lakini majibu yote Momade aliyapeleka kwa Jafar, kwa sababu ndivyo wanaume wa madukani walivyo, macho yao hayawezi kukaa kwa mwanamke mwenye swali la maana.

Jafar akamwambia Momade asijisumbue, huyo anachagua pampu kama anachagua kanga, atapapasa zote kisha aondoke.

"Hiyo uliyoshika ni ile ile iliyokufa," Ancha alisema. "Wameibadilisha rangi tu."

"Haikufa. Nyinyi ndio mliiharibu."

"Sisi tulikuwa tumelala kwenye muhogo, bwana Jafar. Wewe sijui ulikuwa unaharibu nini huko ulikokuwa."

Mwalimu Latifo akaacha kujifuta pua. Momade akatazama mizani yake ya misumari kana kwamba haijawahi kumvutia hivyo. Jafar akaweka noti mezani na kumwamuru afunge ile ndogo, na Ancha akaweka kiganja chake juu ya noti, akasema nusu ya gari ni yake na pampu ile haitaingia ndani yake. Wakasimama hivyo, mkono juu ya noti, wakitazamana kwa chuki ambayo haikuwa na haja ya maneno. Huko nje honi ya lori la wanajeshi ilisikika mara ya kwanza.

Momade alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani ndio wanaoharibu mambo. Alisema hataki ugomvi dukani kwake, gari lina wenyewe wawili na mji mzima unajua, basi wakubaliane kwanza halafu atauza. Jafar akamjibu kwamba kwenye gari na kwenye nyumba mwenye kauli ni mume.

"Mume wa nani tena, kaka?" Momade aliuliza, kwa nia njema kabisa. "Si ulishamwacha?"

Ancha alimwona Jafar akivimba shingo, akaelewa kinachokuja. Alitaka kusema kitu chochote, hata kusema sawa, chukua hiyo hiyo ndogo. Hakuwahi.

"Nimemrejea," Jafar alisema. "Tangu sasa hivi. Ni mke wangu na mimi ni mumewe, na mume anasema funga hiyo ndogo."

Mwalimu Latifo akaikunja leso yake taratibu, akamuuliza Jafar kama alichosema amekisema kwa dhati au kwa ugomvi wa sokoni. Kisha, kabla hajajibiwa, akamwambia ni mamoja. Mambo matatu katika dini hayana mzaha, alisema: kuoa, kuacha na kurejea. Mwenye kuyatamka kwa mchezo na mwenye kuyatamka kwa dhati wako sawa. Yeye na Momade wamesikia, Mungu awape kheri. Akapiga chafya, akarudi kwenye viraka vyake.

Jafar akacheka. Alikuwa na mpango wa kulisema neno lile siku ya mwisho, kama mara ya kwanza. Kulisema mapema hakukumpunguzia kitu, tena kulimpa pampu aliyoitaka. Akauondoa mkono wa Ancha juu ya noti, kidole kimoja kimoja, akamwambia kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi kwamba leo usiku angependa pweza wa nazi.

Ancha alitoka nje akaegemea ukuta. Miezi yote ile ya kuvumilia kukohoa kwa mtu mlangoni, siku alizozisukuma moja moja, zote zimekwenda kwa sababu ya kitu cha plastiki chenye taa za buluu. Alimchukia Jafar. Alimchukia Momade na amani yake, alimchukia mwalimu na leso yake. Hakulia, maana alikuwa na hasira mno. Usiku angelala tena kwenye kile kitanda, asikie tena kile kikohozi karibu na sikio lake.

Jafar naye alikuwa ameshapiga magoti kwenye tairi la mbele. Akawasha injini, akachomeka pampu. Taa ziliwaka kweli, namba zikaanza kupanda, na ile pampu ikalia kwa kelele nyembamba ya kuudhi. Tairi lilijaa kwa mwendo wa mgonjwa. Abiria walichungulia kutoka nyuma, na wale waliokuwapo Mute walitazamana. Tairi la kwanza likasimama. Honi ya lori ikapigwa tena. Jafar akahamia la pili, na kabla namba hazijafika popote ile harufu ikatoka, ile ile, ya plastiki inayoungua. Kikasikika kitu kidogo kikikatika ndani ya gari. Pampu ikanyamaza.

Jafar aliitikisa. Akaichomoa, akaichomeka, akabadilisha fyuzi, ikakatika na ya pili. Akaipiga kofi, mtu mzima anaipiga pampu kofi mbele ya watu.

"Hii ni brinkedo," Cândido alisema kutoka nyuma, akimshika mama yake mkono. "Ni ya kuchezea watoto. Jafar, mama yangu hawezi kukimbia. Safari hii utamwacha na yeye?"

Kumbe hata Mmakonde wa Mueda ameshasikia. Jafar akainuka, jasho linamtiririka. Wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyekuwa upande wake.

Ancha akarudi dukani. Akafungua fundo la kanga yake, akamlipa Momade pesa zake mwenyewe za samaki, akaibeba ile pampu ya silinda mbili kiunoni kama mtungi. Hakuwa anawaza ushindi. Alikuwa anawaza yule mama asiyeweza kushuka, na barabara ya Mute. Alitembea mpaka mbele ya gari akaiweka chini.

Jafar akaja akasimama kati yake na mlango wa dereva, mahali penye mkono wa kufungulia boneti. Kila mtu alikuwa pale: abiria, Momade mlangoni pake, wauza maandazi, mwalimu Latifo akisukuma baiskeli yake aondoke. Mkewe ameleta pampu aliyoikataa yeye. Yaani aende aonekane akipokea upepo kutoka kwa mkewe, mji mzima umtazame. Ancha alimwambia polepole asogee, koluna inaondoka, na kwamba pampu aliyoichagua imekufa kama ile ya kwanza, naye amekosea kama mara ya kwanza.

Hakupaswa kusema hilo la mwisho. Au alipaswa.

"Sikiliza, Ancha," Jafar alisema. "Ukifungua boneti ya gari hii ukaweka hicho kidude chako, umeachika. Talaka yako ya tatu. Watu wote hawa mashahidi."

Wanawake waliokuwa nyuma ya gari wakashika vifua. Talaka ya tatu ndiyo inayotumiwa kuwatishia wanawake pwani nzima, wakaambiwa mwenye kuipata hana pa kurudi, na wengi hunyamaza maisha yao yote kwa kuiogopa. Mmoja wao akamwita Ancha kwa jina, akamsihi aache, wataomba upepo kwa mtu mwingine. Jafar akakunja mikono kifuani. Alishaona jinsi alivyomfunga.

Neno lile lilichukua muda kidogo kumwingia Ancha, kwa sababu alikuwa ameshazoea kusikia maneno ya Jafar kama mlango unaofungwa. Alilisikiliza tena kichwani, neno kwa neno. Kisha akageuka kumtafuta mwalimu Latifo.

"Shikamoo, mwalimu. Umesikia alichosema?"

"Marahaba. Nimesikia, na natamani nisingesikia."

"Nikiifungua, anayo njia ya kunirejea?"

Mwalimu akamtazama Jafar kwa macho ya mtu mwenye mafua na asiye na subira. Akasema hana. Ya tatu haina rejea. Eda utakaa tena, mama, lakini yeye hana neno la kusema ndani yake. Mpaka uolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli na huyo naye muachane, ndipo arudi kuposa kama mgeni. Na neno la namna ile, la ukifanya hivi umeachika, likishatoka mdomoni halirudishwi.

Jafar akatikisa kichwa kuunga mkono, ameridhika. Alidhani mkewe anauliza kwa hofu.

"Ahsante, mwalimu," Ancha alisema.

Akampita Jafar kwa upande, akapenyeza mkono ndani ya mlango, akavuta. Boneti ikaruka juu kidogo, tak, upana wa kidole, ikabaki imeshikwa na ndoano yake.

Hapo ndipo Jafar alipoelewa. Uso wake ulibadilika mbele ya watu, na Ancha aliuona, na alifurahi kuuona, kwa nini adanganye.

"Ngoja," Jafar alisema. "Haijafunguka. Mwalimu, hii haijafunguka bado, si ndiyo? Ancha, funga. Nilisema kwa hasira. Funga, tutanunua hiyo hiyo yako."

Mwalimu Latifo akaanza kusema kwamba hilo la ndoano ni swali linalohitaji kutazamwa, kwamba wapo ambao pengine wangesema kufunguka ni kuinuka. Ancha hakuacha litazamwe. Akaingiza vidole, akaisukuma ndoano, akaiinua boneti mpaka juu kabisa, akaisimamisha kwa fimbo yake ya chuma ili asitokee mtu kesho akasema ilikuwa nusu. Kisha akachukua kibanio chekundu akakibana kwenye kichwa cha betri, na cheusi akakibana kwenye cha pili.

Pampu ikaunguruma. Mlio wake ulikuwa mzito, mtaa mzima uliusikia, na tairi lililokuwa limelala likaanza kuinuka mbele ya macho ya watu. Ancha alichuchumaa, akiangalia geji, akihama tairi hadi tairi na ule mpira mrefu. Hakuna aliyemsaidia na hakuomba. Jafar alibaki amesimama pembeni ya boneti iliyoinuliwa, hana pa kuiweka mikono yake. Momade alimletea maji, akayashika bila kunywa.

Tairi la mwisho lilipojaa, lori la wanajeshi lilikuwa limeshaanza kutembea. Ancha akabanua vibanio, akashusha boneti kwa viganja viwili mpaka ikalia. Kwa miaka yote, siku za njia ndefu, mahali pake palikuwa mbele kwenye kiti cha pembeni wakishavuka mchanga na kazi ya kupakia ikiisha. Abiria wakamtazama ataketi wapi. Alipanda nyuma, akaiweka pampu yake kati ya miguu yake na vikapu vya samaki, karibu na mama yake Cândido, akajifunga kanga vizuri kichwani, kwa sababu sasa pale mbele palikuwa na mwanamume asiyemhusu.

Jafar aliingia kwenye usukani. Akakaa. Magari ya mwisho ya koluna yalikuwa yanapita, na yeye alikuwa anatazama tu mbele, mkono juu ya gia, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Ancha akagonga bati la gari mara mbili, kama abiria yeyote anavyogonga.

"Dereva," alisema. "Twende, tutaachwa."